Bomu Lisilo na Mwenyewe

Jumapili ya tarehe 5 Mei 2013 nilikuwa na miaka 13, niko darasa la saba, na nilikuwa mtumikiaji katika parokia moja upande mwingine wa jiji la Arusha. Misa ya pili ilikuwa imekwisha. Tulikuwa sakristia tunavua kanzu na kusukumana kama ilivyo kawaida ya watoto, katekista akaingia na simu sikioni. Alituashiria tunyamaze. Kisha akasema, "Olasiti wamerusha bomu kanisani."

Wamerusha. Tangu nianze masomo ya falsafa nimelirudia mara nyingi neno hilo. Kiswahili kinaturuhusu kusema "wamerusha" bila kusema ni akina nani. "Wameiba kuku." "Wamekata umeme." Tunajua lililotendeka, hatumjui mtenda, tunaweka "wa" na kuendelea na safari. Siku ile katekista hakujua ni nani. Mimi sikujua. Lakini hadi jua linazama, ile "wa" ya katekista ilikuwa imeshapata sura, mavazi na dini katika mtaa wetu.

Ndugu msomaji, naandika makala hii kujibu swali ambalo wenzangu wa darasani walinicheka nilipoliuliza: kwa nini mtu afanye tendo la kigaidi halafu asiseme kwamba ni yeye? Wao waliona jibu liko wazi, anaogopa kukamatwa. Mimi naona jibu hilo ni sehemu tu. Na nina sababu yangu mwenyewe ya kuliuliza, ambayo nitaifikia.

Jumapili ya Olasiti

Wengi wenu mnakumbuka. Parokia mpya ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Olasiti, ilikuwa inazinduliwa. Balozi wa Papa nchini wakati ule, Askofu Mkuu Francisco Padilla, alikuwa amekuja kwa ajili ya ibada hiyo, pamoja na Askofu Mkuu Josaphat Lebulu wa Arusha. Waamini walikuwa wengi, wengine wako nje ya kanisa. Bomu likarushwa katikati yao. Watu watatu walipoteza maisha na zaidi ya 60 walijeruhiwa.

Siku zilizofuata redio haikuzimwa nyumbani. Polisi walikamata watu kadhaa, wakiwemo wageni kutoka nchi za Kiarabu ambao baadaye waliachiwa. Rais Jakaya Kikwete alilitaja tukio lile kuwa ni ugaidi. Lakini jambo moja halikutokea. Hakuna kikundi kilichojitokeza kusema, "Ni sisi, na sababu yetu ni hii." Hapakuwa na barua wala mkanda wa video. Damu ilimwagika mlangoni mwa kanisa na haikuwa na mwenyewe.

Ukimya huo haukukaa mtupu. Mtaani kwetu palikuwa na mzee mmoja mwenye duka, Muislamu, mtu wa Tanga. Aliuza sukari ya kupima, mafuta ya taa, vocha na ubuyu. Mama yangu alikopa kwake kwa daftari, kama nusu ya mtaa. Kabla ya Mei ile sikumbuki mtu yeyote kutaja dini yake isipokuwa Sikukuu ya Idi, maana alitugawia pilau. Baada ya Mei ile watu walianza kuvuka barabara na kununua sukari duka la mbali. Usiku mmoja bati la nyumba yake lilipigwa mawe. Asubuhi hakuna aliyejua ni nani. "Wamempiga mawe," watu walisema. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amefunga duka na kuondoka na familia yake.

Kelele za Garissa, kimya cha Mogadishu

Ili kuelewa kimya, nimejifunza kukilinganisha na kelele. Jirani zetu wa Kenya na Somalia wametupa mifano ambayo hakuna anayeitamani.

Tarehe 21 Septemba 2013, miezi minne baada ya Olasiti, watu wenye silaha walivamia jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi. Watu 67 waliuawa. Kundi la al-Shabaab la Somalia halikusubiri hata mapigano yaishe. Lilidai kuhusika siku ile ile kwa njia ya Twitter. Tarehe 2 Aprili 2015, iliyokuwa Alhamisi Kuu, kundi hilo lilivamia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri. Wanafunzi Wakristo walitengwa na wenzao Waislamu, wakauawa. Waliokufa walikuwa 148, wengi wao vijana wa umri wangu wa sasa au chini yake. Hapo pia al-Shabaab walidai siku ile ile, tena kwa kujisifu.

Sasa tazama Jumamosi ya tarehe 14 Oktoba 2017. Lori lililojaa vilipuzi lililipuka katika makutano ya barabara jijini Mogadishu, mahali panapoitwa Zoobe, saa ambazo watu wamejaa. Karibu yake palikuwa na lori la mafuta, nalo likawaka. Watu waliungua ndani ya mabasi. Kamati iliyoundwa kufuatilia waathirika ilifikisha hesabu ya waliokufa 587. Ni moja ya mashambulizi ya lori yaliyoua watu wengi zaidi duniani. Serikali ya Somalia ililitaja al-Shabaab. Mtu mmoja aliyehukumiwa kwa kuhusika aliuawa kwa kupigwa risasi tarehe 14 Oktoba 2018, mwaka mmoja kamili baada ya mlipuko.

Na al-Shabaab wenyewe? Kundi lenye redio yake na msemaji wake, kundi lililowahi kudai hata mashambulizi madogo yaliyoua askari wawili, halijasema neno. Waliokuwa wepesi kudai vifo 148 walinyamaza mbele ya vifo 587.

Kama sababu pekee ya kunyamaza ingekuwa woga wa kukamatwa, wangenyamaza kote. Askari wa Kenya si dhaifu kuliko wa Somalia. Kuna jambo jingine.

Sababu za kimya

Nimesoma kiasi nilichoweza juu ya jambo hili, na nimeona kwamba ukimya wa namna hii si jambo la nadra. Chuo Kikuu cha Maryland nchini Marekani kimekusanya kumbukumbu za mashambulizi ya kigaidi ya dunia nzima tangu mwaka 1970, na sehemu kubwa ya mashambulizi hayo hayana kundi lililojitokeza kudai. Sababu ni kadhaa.

Ya kwanza ni ile ya wenzangu wa darasani: woga wa adhabu. Tarehe 21 Desemba 1988 ndege ya abiria ya Pan Am ililipuliwa juu ya mji wa Lockerbie, Scotland, wakafa watu 270. Ilichukua hadi mwaka 2003 kwa serikali ya Libya kukubali rasmi dhamana ya matendo ya maafisa wake, na hapo ilikuwa inataka vikwazo viondolewe. Osama bin Laden naye, siku chache baada ya Septemba 11, 2001, alitoa tamko la kukana kwamba ni yeye. Alikiri waziwazi kwenye mkanda wa video mwaka 2004. Mwanzoni alikuwa na wenyeji wa kuwalinda na makao ya kupoteza. Baadaye alikuwa ameshayapoteza.

Ya pili ni woga wa watu wake mwenyewe, na hii ndiyo inayoeleza Mogadishu. Mwaka 2017 wataalamu wawili wa siasa, Max Abrahms na Justin Conrad, walichapisha utafiti wao juu ya mashambulizi yasiyodaiwa. Walionyesha kwamba viongozi wa makundi hudai kwa wepesi zaidi shambulio lililopiga askari kuliko lililoua raia, kwa kuwa kuua raia kunawaharibia wenyewe. Waliokufa Zoobe walikuwa Wasomali, Waislamu, wachuuzi na wanafunzi na mama zao. Walikuwa watu ambao al-Shabaab inadai kuwapigania. Siku zilizofuata maelfu ya wakazi wa Mogadishu waliingia barabarani, wengi wamefunga vitambaa vyekundu kichwani, kulilaani kundi hilo. Nani angesimama mbele ya umati ule aseme, "Ni sisi"? Waliokufa Garissa, kwa hesabu ya wauaji, walikuwa watu wa wengine. Kwa hiyo walidaiwa.

Hata hiyo haikuwa mara ya kwanza. Tarehe 3 Desemba 2009, katika Hoteli Shamo hapo hapo Mogadishu, madaktari vijana wa Chuo Kikuu cha Benadir walikuwa katika sherehe ya mahafali. Mlipuaji wa kujitoa mhanga alijilipua katikati yao. Mawaziri watatu walikufa, na wahitimu pia, katika nchi iliyokuwa inalilia madaktari. Watu walighadhabika. Al-Shabaab walikana kuhusika.

Ya tatu ni mbaya zaidi: mtu ananyamaza ili mwingine alaumiwe. Italia wanaijua hii. Tarehe 12 Desemba 1969 bomu lililipuka ndani ya benki katika uwanja wa Piazza Fontana, Milano, na kuua watu 17. Lawama zilielekezwa kwa wanaharakati wa mrengo wa kushoto. Mmoja wao, mfanyakazi wa reli aitwaye Giuseppe Pinelli, alikamatwa, na usiku wa tarehe 15 alianguka kutoka dirisha la makao ya polisi akafa. Alikuwa hana hatia. Miaka mingi baadaye mahakama zilionyesha kwamba bomu lilitoka kwa watu wa mrengo wa kulia kabisa. Kisha tarehe 2 Agosti 1980 kituo cha treni cha Bologna kikalipuliwa, wakafa watu 85. Saa ya kituo ilisimama saa nne na dakika 25 asubuhi, na imeachwa hivyo kama kumbukumbu. Wafuasi wa ufashisti walihukumiwa, na pamoja nao walihukumiwa maafisa wa usalama waliopotosha upelelezi kwa makusudi. Bomu la namna hii halihitaji kudaiwa. Kazi yake ni kuwafanya majirani waogopane, na jina la mwenyewe lingeiharibu kazi hiyo.

Pengine walionyamaza hawakupanga mwingine aumie, lakini anaumia vilevile. Tarehe 21 Novemba 1974 mabomu yaliua watu 21 katika baa mbili za Birmingham, Uingereza. Jeshi la IRA halikukiri. Wanaume sita wenye asili ya Ireland walifungwa maisha, na walikaa gerezani miaka 16 hadi mwaka 1991 ilipothibitika kwamba hukumu zao hazikuwa halali. Miaka 16! Ukimya wa mtu mmoja ulifunga mlango wa gereza kwa mwingine.

Nisiseme kwamba dai humaliza mashaka. Mwezi Juni 2014 watu wengi waliuawa Mpeketoni, pwani ya Kenya. Al-Shabaab walidai ni wao, na bado Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba ni mtandao wa kisiasa wa ndani. Kuna pia wanaodai wasilolifanya ili waonekane wakubwa. Lakini shambulio lisilodaiwa lina sumu yake ya pekee: linawaachia walionusurika kazi ya kujaza ile "wa". Nasi binadamu tunaijaza kwa haraka, na mara nyingi kwa jirani tuliyekuwa tunamtazama vibaya kimoyomoyo.

Je, anayejificha bado ana dhamiri?

Katika somo la maadili tulisoma maandishi mafupi ya Immanuel Kant ya mwaka 1795 juu ya amani ya kudumu. Humo anatoa kipimo kimoja: tendo linalogusa haki za wengine ni la dhuluma kama mtendaji hawezi kutangaza nia yake hadharani bila nia hiyo kushindwa. Nilikipenda kipimo hicho mara moja. Aliyelipua Zoobe hawezi kusema hadharani, kwa hiyo amejihukumu.

Padre mwalimu wetu alinirudisha nyuma. "Na Garissa je? Walitangaza." Nikakwama. Kumbe Kant mwenyewe aliliona hilo. Alisema kipimo hakigeuki: kinachojificha kina alama ya dhuluma, lakini kinachojitangaza si lazima kiwe haki, maana mwenye nguvu za kutosha hahitaji kuficha. Asiyeona haya mbele ya mtu yeyote hutangaza chochote.

Hapo nikajiuliza swali ambalo sikulipenda: je, aliyenyamaza ni afadhali kuliko aliyejigamba? Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba ule mwanga wa kwanza wa kujua kwamba mema yatendwe na mabaya yaepukwe, anaouita sinderesi, hauzimiki kabisa ndani ya mtu. Basi pengine kimya cha muuaji ni moshi wa moto huo. Anajua. Kama hajui, anaficha nini?

Nilibaki na wazo hilo wiki kadhaa, likinipa faraja ya ajabu. Kilicholivunja ni Kitabu cha Pili cha Samweli.

Tunaikumbuka dhambi ya Daudi kama dhambi ya uzinzi, na tunapita haraka kwenye mauaji. Tuyatazame kidogo. Daudi anataka Uria Mhiti afe. Hamtumii mtu mwenye upanga. Anamwandikia Yoabu barua, tena kwa mkono wa Uria mwenyewe, kwamba awekwe pale vita vilipo vikali halafu wenzake warudi nyuma. Uria anakufa ukutani kwa mishale ya Waamoni. Mjumbe analeta habari, na Daudi anajibu kwa upole kwamba vita ndivyo vilivyo. Hakuna mtu katika Yerusalemu atakayeuliza nani kamuua Uria. "Wamemuua," watasema, na ile "wa" tayari ina mwenyewe: adui wa nje. Hilo ni shambulio lisilodaiwa, limepangwa na mfalme ambaye tunaimba zaburi zake kila siku asubuhi na jioni.

Daudi alikuwa na dhamiri? Bila shaka. Nabii Nathani alipomsimulia habari za tajiri aliyepora kondoo wa pekee wa maskini, Daudi alikasirika kweli, akamhukumia mtu yule kifo. Dhamiri yake ilikuwa inafanya kazi vizuri sana juu ya dhambi ya mwingine. Ilimbidi Nathani amwonyeshe kwamba mtu yule ni yeye. Kwa hiyo dhamiri inaweza kuwa hai na mtu akaendelea kujificha nyuma yake kwa miezi. Anayejificha bado anaona haya, hilo nakubali. Lakini kuona haya hakujamrudishia mtu yeyote chochote. Kaini naye alijua alichofanya alipojibu kwamba hajui ndugu yake yuko wapi.

Ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nachanganya mambo mawili. Vyombo vya habari husema "kundi limedai kuhusika" au "limekiri kuhusika", kana kwamba ni kitu kimoja. Anayedai analichukua tendo liwe mali yake na sifa yake. Anayeungama anachukua lawama na kuiweka miguuni pa aliyemkosea na miguuni pa Mungu. Tarehe 28 Desemba 2019 lori jingine liliua watu zaidi ya 80 mjini Mogadishu, wengi wao wanafunzi. Safari hii, baada ya siku mbili, msemaji wa al-Shabaab alidai ni wao, akasema walilenga msafara wa Waturuki, na akawaomba radhi Waislamu waliofiwa. Lakini mabomu hayakukoma. Katekisimu inatufundisha kwamba mwenye kutubu ana matendo matatu: majuto, maungamo na malipizi. Radhi ile haikuwa na azimio la kuacha, na malipizi hayakuwepo. Ilikuwa dai lililovaa nguo ya toba.

Kati ya kimya na majigambo, basi, sichagui. Yote mawili yanakwepa njia ile ile ya tatu.

Maneno yangu ya bombani

Sasa nifikie deni langu.

Jumanne baada ya bomu la Olasiti nilikuwa bombani nachota maji na wavulana wenzangu. Kila mmoja alikuwa na habari yake, na mimi sikuwa nayo. Nikasema kwamba Jumamosi usiku niliona wanaume wanne wanaingia kwa mzee wa duka na mifuko mizito. Wanaume wanne walikuwepo kweli. Walikuwa ndugu zake kutoka Tanga, waliokuja kwenye hitima ya mkewe mdogo, na mifuko ilikuwa ya mchele. Nililijua hilo kwa sababu mama alinituma kupeleka pole, na pilau ya hitima hiyo niliila.

Sikuwa na nia ya kumdhuru. Nilitaka kusikilizwa. Nilifanikiwa. Hadi Alhamisi wanaume wanne walikuwa wanane, na mifuko ilikuwa inanuka baruti. Siku mama aliponiambia, "Wanasema kwa mzee kuna watu walikuja na mabomu," nilimtazama na kuuliza, "Nani kasema?" Mama akajibu, "Watu." Nikanyamaza.

Nilinyamaza walipovuka barabara kununua sukari. Nilinyamaza bati lilipopigwa mawe. Mzee alipoondoka, mama alikwenda kulipa deni la daftari, shilingi 4,700, akakuta kufuli. Alirudi na hela mkononi akiwa na huzuni, nami nikanyamaza. Kwa nini? Sababu zote nilizozieleza hapo juu nilikuwa nazo katika umri wa miaka 13. Niliogopa fimbo. Niliogopa kudharauliwa na watu wangu, maana mtumikiaji hasemi uongo. Na kadiri watu walivyomtazama mzee, hakuna aliyenitazama mimi. Sikuhitaji kujifunza kwa Kant wala kwa wataalamu wa Marekani.

Niliungama dhambi hiyo mwaka wa kwanza wa malezi. Padre alinipa ondoleo, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama mzee yule bado yu hai. Nikasema sijui. Akasema, "Basi ujue."

Ilinichukua mwaka na nusu kujua. Wakati wa likizo nilipata namba kwa mwenye nyumba wa zamani, na nikaibeba mfukoni siku tisa. Siku ya kumi nilipiga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Nikajitaja kwa jina la mama, nyumba ya tatu kutoka dukani. Akanikumbuka. Akauliza habari za mama, za mtaa, akafurahi kusikia niko seminari. Kisha nikamwambia. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi, lakini nilisema mawili matatu tu na sauti ikaniishia. Upande wa pili palikuwa kimya kirefu, nikasikia kuku wanalia uani kwake.

"Mbona umechelewa hivyo, mwanangu?" akasema.

Sikuwa na jibu. Baadaye akauliza, "Na mawe? Yalikuwa wewe?"

"Hapana, mzee. Sikurusha mawe. Lakini waliorusha huenda waliyasikia maneno yangu."

"Haya. Ukimjua wa mawe, mwambie naye anipigie. Simu yangu huwa haizimwi."

Hakusema kwamba amenisamehe, na sikumlazimisha. Nilimwomba nimtumie lile deni la daftari, akacheka kidogo, akakubali. Nilituma kwa simu shilingi 4,700 jioni ile. Alizipokea. Namshukuru kwa kuzipokea, maana angezikataa ningebaki na deni lote.

Bado sijui nani alirusha mawe. Nina majina mawili kichwani, ya wavulana waliokuwa bombani Jumanne ile. Mmoja ni baba wa watoto wawili sasa. Lakini nimejifunza jinsi ilivyo rahisi kuijaza "wa" kwa sura ya mtu, kwa hiyo majina hayo sijamtajia yeyote. Nimewaandikia wote wawili, nikawaeleza nilichofanya mimi, na nikawapa namba ya mzee. Zaidi ya hapo si langu.

Aliyerusha bomu la Olasiti naye pengine yu hai. Pengine ana miaka ya kutosha sasa kuona alichofanya. Kila tarehe 5 Mei nawaombea wale watatu na majeruhi wote, na tangu mwaka jana namwombea na yeye, bila jina, maana hajatupa. Mungu analo. Nawe, ndugu msomaji, unapokaribia kitubio safari ijayo, jiulize kama kuna mahali ambapo watu bado wanasema "wame-" kwa jambo lililo lako, na kama kuna mtu anayelibeba badala yako. Kama yupo, usikae siku tisa na namba mfukoni.